TAHADHARI: Jamaa wa "kofia ya babu" ni TAPELI, msimtumie hata mia

Wadau wa kofia za pama naomba msome hii kabla hamjamtumia mtu hela. Yule jamaa anayeposti fedora za zamani, yule picha zake zote kofia imewekwa juu ya kitenge cha bluu, ni tapeli wa kutupwa. Kanipiga laki nne na nusu na leo asubuhi kaniblok kila sehemu. Pole zenu kaeni nazo, mi nataka akamatwe.

Mnaonijua mnajua nilivyoisaka Stetson Whippet, ile pama ya zamani ya Kimarekani, toka ile ya Arusha iniponyoke, na maneno yote mliyonisema. Sasa jamaa ananitumia picha, Whippet ya kijivu, utepe mpana mweusi, ukingo umeshonewa utepe kuzunguka kama inavyotakiwa, ananiambia ni ya miaka ya 40. Tukakutana kwenye mgahawa Kariakoo, jioni, umeme umekatika, wametuwekea taa ndogo ya kuchaji mezani. Akaitoa kwenye boksi taratiiibu, akanipa, "Kaka shika mwenyewe, usiniamini mimi." Nikaigeuza. Bitana imechakaa vizuri tu, nembo ya Stetson inasomeka, Philadelphia, mji wa kiwanda chao, inasomeka. Hapo hapo akaikunjua ile ngozi ya ndani inayokaa kichwani kwa kidole gumba, upande mmoja tu, nikaona kilebo cha chama cha wafanyakazi, United Hatters, Cap and Millinery Workers, na kabla sijafungua mdomo ye mwenyewe ndo akaniambia hilo jina limeanza 1934 kwaiyo kofia haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Ni kweli! 1934 ndo vyama viwili vilipoungana, sikumfundisha mimi. Mtu anayejua hivyo unamshuku vipi?

Haikutosha, akadondoshea maji ya chupa pale juu, matone yakasimama yenyewe hayanyonywi. "Hii manyoya kaka, sufu ingeshakunywa." Halafu ndo ikaja hadithi ya babu. Babu yake mzaa mama alikuwa mpishi wa meneja wa shamba la mkonge Korogwe, mzungu akaondoka 1961 baada ya uhuru, akamwachia babu kofia na boksi lake. Sauti ikawa inamkwama kabisa. Nikamwambia basi laki tatu, akakunja sura akaanza kuirudisha kwenye boksi, akasema bora akae nayo mwenyewe kuliko kumdhalilisha marehemu. Nikatuma hela pale pale. Jina lililotokea kwenye muamala ni la mwanamke, akasema mke wangu huyo, haya sawa, nani hatumii laini ya mkewe? Na chai kalipia yeye, mshenzi yule.

Na msije na yale ya "wewe si ndo mtaalamu wetu". Kila kitu alichonionyesha kilikuwa cha kweli, ndo utapeli wake ulipo. Anachukua kofia za zamani zilizoliwa na nondo ambazo hata bure huzitaki, ananyofoa bitana, ngozi, kilebo, anavipachika kwenye kofia mpya ya sufu ya bei ya chee. Ukikagua kipande kimoja kimoja vyote ni vya enzi hizo, ila kofia yenyewe ni ya juzi. Yule hastahili hata kuitwa mwizi, mwizi angalau anavunja mlango. Miaka kadhaa Segerea ingemtosha, na afungiwe laini zote hizo za wake zake.

Nyumbani mchana naivaa inacheza kichwani. Kikaratasi cha saizi kimeandikwa 7 1/8, hiyo ni sentimita 57, nikachukua tepu ya fundi nikapima ikaja 59 kasoro kidogo. Nikaifunua ngozi yote sasa, siyo upande aliotaka yeye. Kwa nyuma haijafika, kaziba pengo na kipande cha ngozi ya rangi nyingine. Matundu ya sindano yako mistari miwili, mmoja una uzi wa nailoni mpya kabisa, mwingine matundu matupu, maana yake ile ngozi ilishashonwa kwenye kofia nyingine. Bitana imeshikwa na gundi ya moto, bado ina vile vinyuzi kama utando wa buibui. Nikainua utepe, rangi ya chini na ya juu ni ile ile, wakati kofia iliyopigwa na mwanga miaka yote hiyo chini ya utepe lazima ingekuwa imekoza. Nikailowesha, ikanuka kondoo, yaani sufu tupu. Maji kutonyonywa si kitu, dawa ya kupuliza viatu inafanya hivyo hivyo hata kwenye sufu.

Boksi sasa! Boksi la mzungu aliyeondoka 1961 lina anwani ya duka la Marekani yenye ile namba ya posta ya tarakimu tano. Hizo namba zimeanza 1963. Nilicheka peke yangu kwa hasira.

Kumpigia akapokea mara moja, "kaka kofia za zamani ndo zilivyo", akakata, blok. Halafu mdau mmoja kaja inboksi, naye kauziwa Dobbs, pama nyingine ya Kimarekani, kwa mtindo huo huo, ila kwake babu alikuwa dereva Nairobi. Babu gani huyu, alizikwa na kazi ngapi?

Muamala ninao, picha ninazo, sauti zake ninazo, kesho kituoni. Ila jana usiku kwa akaunti nyingine kaposti Borsalino, pama ya Kiitaliano, ya kahawia, "ya Alessandria kabisa, ya miaka ya 50", kitenge ni kile kile, na nimesikia kuna mtu humu keshaweka advansi. Ndugu kama ni wewe usione haya, njoo inboksi leo leo. Hiyo iliyobaki usitume. Mwambie utamalizia mkononi, mkutane mchana, mi nakuja na askari.