TAHADHARI: Anayeuza "peptidi za kuyeyusha keloidi" kwa WhatsApp hapa Dar ni tapeli, na anaharibu ngozi za watu

Ndugu zangu, huyu muuzaji wa "peptidi za makovu" anayesambaza mzigo kwa bodaboda kutoka Kariakoo, acheni kumtumia hela. Anadai sindano zake zinayeyusha keloidi, yaani kovu linalovimba na kuzidi kukua. Mwenye kichupa chake kwenye friji asichome tena, wala asikitupe, sababu iko chini. Picha za sikio la binti aliyejichoma dawa hiyo akaharibika ngozi zimeshasambaa, sirudii.

Nimeona wanaomcheka huyo binti eti msomi mzima kaingizwa mjini kwa status ya WhatsApp. Mnakosea sana. Tazameni kwanza alivyoingizwa, halafu mseme kama nyie mngeruka.

Siku ya kwanza hakuuziwa kitu. Aliulizwa maswali. Kovu lina muda gani? Limevuka tundu la hereni au limebaki palepale? Linawasha usiku? Kwenye ukoo kuna mwingine mwenye makovu ya hivyo? Hayo ndiyo maswali ya daktari wa ngozi hasa, maana kovu nene la kawaida hubaki ndani ya mipaka ya jeraha na huweza kunywea lenyewe miezi ikipita, lakini keloidi huvuka mipaka na kuzidi kukua. Anayejua kutenganisha hayo mawili unamshukuje?

Kisha ikaja sauti ndefu ya maelezo. Kwamba kwenye keloidi seli zinazotengeneza kolajeni (protini inayojenga ngozi na kovu) zinasukumwa bila kupumzika na kichocheo kiitwacho TGF-beta, na kwamba zipo peptidi, yaani minyororo mifupi ya asidi amino, zilizotengenezwa ili kukizuia. Hayo yote ni kweli, na hapo ndipo panapouma. Tapeli wa zamani alikuwa anakuuzia mafuta ya nyoka, huyu anakuuzia sayansi ya kweli juu ya kichupa cha uongo. Likafuata picha la cheti cha maabara lenye mchoro wa mlima mmoja mwembamba na "usafi asilimia 99". Ikafuata video: mikono yenye glavu, unga mweupe chini ya kichupa, maji yanateremshwa taratibu kwenye ukuta wa kioo, kisha kichupa kinazungushwa polepole bila kutikiswa. Wanaochanganya peptidi kweli hufanya hivyohivyo. Malipo nusu kwanza, nusu mzigo ukifika. Bodaboda akafika na kiboksi chenye barafu, na nambari ya toleo imebandikwa. Niambieni hapo nani asingelipa.

Sasa kilichomo. Kichupa kilikuja kimeshachanganywa, "tusikusumbue". Kimiminika cheupe kama maziwa, na karatasi imeandikwa tikisa sana kabla ya kuvuta. Kiache mezani: unga mweupe unatua chini, juu panabaki maji. Peptidi hizi zikiyeyushwa vizuri kwenye maji hazifanyi hivyo. Huwa angavu, unaona hadi upande wa pili. Ile yenye shaba, GHK-Cu, ni ya bluu lakini bado angavu. Dawa inayotua na kudai kutikiswa ni ile isiyoyeyuka kwenye maji, na dawa ya namna hiyo ambayo dunia nzima inaichoma kwenye keloidi ni triamsinoloni, ambayo ni steroidi, dawa kali ya kupunguza uvimbe. Maabara itasema la mwisho, lakini ngozi yenyewe imeshajibu. Keloidi ikalainika wiki za mwanzo (ndiyo maana binti akamsifia na wengine wakaagiza), kisha pembeni pakawa na baka jeupe, pakabonyea shimo, na vimishipa vyekundu vikaanza kuonekana. Hizo ni dalili za steroidi iliyokaa mahali pasipo pake.

Triamsinoloni kwa mikono ya daktari ni dawa nzuri na haina maajabu. Huchomwa ya nguvu ya mg 10 hadi 40 kwa kila ml, kila baada ya wiki 3 hadi 6, ndani ya nyama ya keloidi yenyewe, kidogokidogo mpaka papauke. Bomba linatakiwa liwe la kufunga sindano kwa kuzungusha, kwa sababu keloidi ni ngumu na sindano ya kuchomekwa tu huweza kuruka ukisukuma kwa nguvu. Huyu katuma bomba za insulini na maelekezo ya kuchoma kila baada ya siku 3! Sindano ya insulini ni nyembamba mno, chembe huiziba. Ukikazana, dawa inakataa kuingia kwenye ugumu na inakimbilia ngozi laini ya jirani au mafuta ya chini yake. Ndilo baka, ndilo shimo. Na ikizidi mwilini inapandisha sukari, inavuruga hedhi, na tezi za juu ya figo zinapunguza kazi. Mwenye kisukari akiuziwa hii bila kuambiwa ni steroidi, huyo kawekwa kwenye hatari kubwa.

Kuhusu seramu ya bluu ya kupaka anayouza pia, sina mengi. Bluu inakuonyesha shaba tu, na mrututu nao ni shaba, nao ni bluu, na unaunguza ngozi. Hata kama ingekuwa GHK-Cu halisi, inajulikana kwa kuamsha utengenezaji wa kolajeni. Mwenye keloidi kolajeni imeshamzidi.

Wanaoniuliza "kwani peptidi za makovu hazipo?" Zipo kwenye utafiti. Iliyofika mbali ni aCT1, yenye asidi amino 25, ya kampuni moja ya South Carolina, Marekani. Ilijaribiwa kama jeli kwenye jeraha la upasuaji likiwa bichi: mara tu baada ya jeraha, na tena baada ya saa 24. Jeraha bichi, sikilizeni vizuri. Hakuna aliyesema inayeyusha keloidi ya miaka mitatu. Juu ya ngozi iliyofunga haipenyi hata ukipaka kutwa, kwani tabaka la nje kwa kawaida hupitisha molekuli zisizozidi daltoni 500 (kipimo cha uzito wa molekuli), na hiyo ni zaidi ya 3,000. Nyingine, P144 ya Hispania, ilitengenezwa kuzuia hiyo TGF-beta; haikufika dukani kama dawa ya makovu. Hata Juvista ya Uingereza, ambayo ni protini kamili, ilishindwa kwenye majaribio ya mwisho mwaka 2011. Hakuna peptidi iliyoidhinishwa kuwa dawa ya kuzuia au kutibu keloidi. Yeye wa Kariakoo kaipata wapi?

Mtu kama huyu akamatwe. Onyo halimtoshi. Anauza dawa isiyosajiliwa, hana famasia, na anafundisha watu kujichoma sikioni kwa sauti za WhatsApp. Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura 219, ipo kwa ajili ya watu kama hawa. Na yule "nesi" wa Sinza anayechomea wateja wake nyumbani naye aunganishwe, maana yeye kasomea, anaona kichupa kinatua unga chini na bado anavuta. Huyo kwangu ni mbaya kuliko muuzaji.

Za haraka za kumjua: hataki kukuletea kichupa cha unga kilichofungwa, anakuletea kilichokwishachanganywa. Cheti ni kilekile kwa kila mteja, tarehe ileile. Ukimuuliza usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, anakwambia "hii ni ya utafiti". Anabadilisha namba. Anakukataza kumwambia daktari.

Mwenye keloidi changa asikate tamaa: bandiko la silikoni saa 12 au zaidi kwa siku kwa miezi kadhaa, hereni ya kubana kwa ya sikio, na kliniki ya ngozi Muhimbili kwa sindano. Usikubali ikatwe tu bila tiba ya kufuatia. Ikikatwa peke yake, tafiti zimeona inarudi kwa asilimia 45 hadi 100.

Waliokwishachoma mara nyingi, msikae na siri. Nendeni hospitali na kichupa mkononi, mseme mmechoma kiasi gani na mara ngapi, hasa mkiwa na kizunguzungu, uchovu au kutapika. Vichupa vilivyobaki viwekeni kwenye friji pamoja na kiboksi na risiti ya malipo ya simu, msifute meseji wala sauti zake, kisha mpeleke vyote TMDA. Hivyo ndivyo ushahidi. Anayetaka twende pamoja aandike hapa chini, tupange siku.