Nyota nne kwa wapimaji walionipunguzia kiwanja

Kiwanja changu ni ekari moja na ushee, kwa hiyo habari ya kuacha nafasi kati ya nyumba na mpaka sikuitilia maanani. Niliona wanaogombania sentimita ni wenye viwanja vya kubanana. Kampuni hii ya upimaji niliiita kwa sababu moja tu: maombi yangu ya kibali cha ujenzi yalirudishwa kwa kukosa ramani inayoonyesha nyumba itakaa wapi ndani ya kiwanja. Nilitaka karatasi, basi.

Walikuja wawili, dada mpimaji mwenyewe na kijana wa kumshikia mlingoti. Swali la kwanza: "Mzee, mpaka wako unaujua?" Nikamwonyesha uzio. "Ndio huo, mwanangu."

"Huo ni uzio, mzee. Mimi nauliza mpaka."

Wakatoa nakala ya ramani ya upimaji wakaanza kusaka bikoni, zile alama za zege zinazoonyesha pembe za kiwanja. Tatu zilipatikana upesi. Ya nne ilikuwa imefukiwa, kijana akaichimbua kwa jembe langu, chini kama urefu wa mkono hadi kiwikoni. Mashine ya kupimia ikasimikwa, vipimo vikachukuliwa, na jibu likaja kabla ya adhuhuri: upande wa mashariki uzio umeingia kwa jirani mita 1.7. Aliyeujenga ni mwenye kiwanja wa kabla yangu. Miaka mitatu nimekuwa nikifyeka majani ya watu.

Sasa sikilizeni utamu wake. Fundi wangu alikwishapigilia vigingi na kufunga kamba za msingi, mita 6 kamili kutoka kwenye uzio ule, maana masharti ya eneo letu yanataka mita 6 ubavuni. Ukitoa 1.7, ukuta wangu ungesimama mita 4.3 kutoka mpaka wa kweli. Tulikuwa tuanze kuchimba Jumatatu. Kwa hilo peke yake nimewapa nyota tatu bila kusita.

Halafu yule dada akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa akanifanyia hesabu ambayo ningepaswa kuifanya kabla hata ya kumwona mchoraji wa nyumba. Kiwanja ni mita 60 kwa 70, yaani mita za mraba 4,200. Mbele uache 15, nyuma 12, ubavuni 6 kila upande. Kinachobaki cha kujengea ni 48 kwa 43, mita za mraba 2,064. Zaidi ya nusu ya kiwanja changu haitakiwi kubeba nyumba! Nikamuuliza mbona wenye viwanja vidogo kule chini wanaachiwa kujenga karibu na mpaka kuliko mimi. Akasema eneo lililopangiwa viwanja vikubwa hupangwa hivyo kwa makusudi, nyumba ziwe chache na zikae mbalimbali. Mengine ni yale ya kila mahali: mwanga, hewa, moto usiruke kutoka paa hadi paa, gari la zimamoto lipite, na huko mbele barabara ipate pa kupanukia.

Na hiyo barabara nayo ilikuwa imenidanganya. Mimi nilihesabu mita 15 kuanzia ukingo wa lami. Kumbe kati ya lami na kiwanja changu kuna hifadhi ya barabara, ukanda uliotengewa barabara yenyewe, na kuhesabu kunaanzia kwenye mstari wa kiwanja.

Jambo jingine alilonionyesha kwa vitendo ni mteremko. Nilikuwa nimepima nyuma kwa tepu iliyolala juu ya majani. Umbali wa mpakani hupimwa kwa usawa, si kwa kufuata ardhi. Pale nyuma ardhi inashuka mita 2 kwa kila 10 za usawa, kwa hiyo mita 10 za tepu yangu ni 9.81 tu. Sentimita 19 zinaonekana mchezo hadi mkaguzi aje na mashine yake. (Programu ya simu sisemi. Ilinionyesha niko kwa jirani, mara niko barabarani, na sijainua mguu.)

Nyota ya tano wameipotezea ofisini kwao. Ramani ilipotoka, umbali wote ulikuwa umeandikwa kutoka ukutani. Masharti yetu yanaruhusu upenu wa paa uingie kwenye ile nafasi sentimita 60 tu, na upenu wangu una 90. Maombi yakarudishwa mara ya pili, wiki tatu zikapotea. Nilipopiga simu, mchoraji wao, si yule dada, akaniuliza kwa nini sikusema kwamba paa linatokeza. Paa lilikuwa ukurasa wa pili wa michoro niliyowakabidhi mwenyewe mkononi! Walirekebisha bila malipo, nyumba ikasogea sentimita 30 magharibi, lakini neno "samahani" sijalisikia hadi leo.

Ukiwaita, wape michoro ya paa na uwasimamie waandike umbali kutoka kila pembe ya nyumba, na kutoka ncha ya upenu pia, si ukutani peke yake. Waambie wakuchoree na njia za mabomba zilizosajiliwa kupita kwenye kiwanja. Yangu inapita nyuma, na sheria yake ni nyingine kabisa: kwenye nafasi ya kuacha mpakani banda langu la zana linaruhusiwa, ila juu ya bomba haliruhusiwi hata hilo. Kama kiwanja chako kiko kwenye kona, uliza mapema upande upi unahesabiwa kuwa mbele, maana mahali pengi pande zote mbili zinazopakana na barabara huhesabiwa mbele, na hapo nyumba uliyoiota inaweza kukosa pa kukaa.

Kibali kimetoka, msingi umechimbwa. Uzio nitauhamisha nikimaliza kuezeka, jirani amekubali kusubiri. Miti miwili niliyoipanda ukingoni imebaki upande wake, na jana jioni nilimwona akiimwagilia.