Kuhifadhi Muswada Mwenyewe au Kulipia Jarida Huria?

Kwa gharama, hifadhi ya kidijitali ya chuo, au arXiv, hazina ya mtandaoni ya miswada ya kisayansi iliyoanza mwaka 1991, hushinda waziwazi, kwani mtafiti hupakia muswada wake bila kulipa chochote, ilhali baadhi ya majarida huria, yaani yanayosomwa na yeyote bila malipo, humtoza mwandishi ada inayoweza kuzidi dola 2,000. Jarida hushinda kwa ukamilifu: msomaji hupata toleo la mwisho siku ileile linapochapishwa, lenye leseni bayana. Muswada uliokubaliwa, yaani ulioidhinishwa na jarida lakini haujapangwa kurasa, kinyume chake, mara nyingi huzuiwa na mchapishaji kwa miezi 6 hadi 24, na kurasa zake hazilingani na zile zinazonukuliwa, kasoro inayomsumbua sana mwanafunzi anayeandika tasnifu. Mwenye ruzuku inayogharimia ada na alipie. Asiye nayo asome kwanza mkataba wake na mchapishaji, kisha apakie muswada uliokubaliwa, si faili lenye nembo ya jarida.