Adapta ya Wi-Fi na Bluetooth kwa kompyuta ya nyumbani: ipi ununue, ipi uiache

Kipanya kikianza kukwamakwama au Wi-Fi ikawa inakatika, wengi hukimbilia kununua adapta mpya (kifaa kinachoipa kompyuta Wi-Fi au Bluetooth), wakaichomeka nyuma ya kompyuta, na tatizo likabaki palepale. Wamebadilisha kifaa, lakini antena imebaki mahali pabaya. Kwa kompyuta ya mezani, kasha la chuma, ukuta ulio nyuma yake na kifaa kilichochomekwa kwenye tundu la jirani vina athari kubwa kuliko ile namba ya kasi iliyochapwa kwenye boksi. Ndiyo maana orodha hii nimeipanga kwa kuangalia kwanza antena itakaa wapi. Kasi na toleo la Wi-Fi vinafuata baadaye.

Kabla hujatoa pesa

Wi-Fi ya masafa ya 2.4 GHz, Bluetooth, na vipanya vinavyokuja na kipokezi chao, yaani kile kidude cha USB unachochomeka kwenye kompyuta, vyote vinagombania eneo moja la hewa. Bluetooth hurukaruka kati ya MHz 2402 na 2480, na tanuri la maikrowevu nalo hupiga kelele humohumo. Kuna mchokozi mwingine ambaye watu hawamshuku kabisa: USB 3.0. Mwaka 2012 Intel ilichapisha maelezo ya kiufundi yanayoonyesha kwamba vifaa na kebo za USB 3.0 hutoa kelele ya redio inayoangukia kwenye 2.4 GHz. Diski ya nje ikichomekwa pembeni mwa kipokezi cha kipanya, mshale unaanza kusitasita kila unaponakili mafaili. Mwenye kompyuta anadhani kipanya kimekufa, kumbe ni kizima.

Basi fanya jaribio hili kwanza. Chomoa diski ya nje uone kama mambo yanatulia. Hamishia kipokezi kwenye tundu la mbele, au kitoe nje kwa kebo ya kurefusha USB mpaka kiwe juu ya meza, karibu na mkono wako. Ingia kwenye mipangilio ya rauta, uiunganishe kompyuta kwa 5 GHz ili 2.4 ibaki kwa Bluetooth. Kama ni lazima ubaki kwenye 2.4, chagua chaneli 1, 6 au 11, kwa kuwa hizo hazipandiani. Halafu angalia mipangilio ya umeme: Windows ina tabia ya kuizima adapta ili kuokoa nishati, na kifaa kinachopotea kila kompyuta inapoamka usingizini mara nyingi kinaponywa kwa kuondoa tu alama ya tiki inayoiruhusu Windows kukizima.

Shida ikiisha hapo, umemaliza. Kebo ya kurefusha USB ndiyo kitu cha kwanza ninachomshauri mtu anunue, na mara nyingi huwa ndicho cha mwisho.

Jingine: kompyuta isiyohama, iliyo chumba kimoja na rauta, inafaa kuunganishwa kwa waya wa mtandao. Hakuna adapta kwenye orodha hii itakayoushinda waya kwa utulivu.

Nafasi ya kwanza: kadi ya ndani yenye antena za waya

Hii ni kadi inayofungwa kwenye tundu la PCIe, tundu la kadi za nyongeza lililo kwenye ubao mama, ikibeba Wi-Fi na Bluetooth pamoja. Inaongoza kwa sababu matoleo mazuri huja na antena zilizounganishwa kwa waya na zenye kitako cha sumaku, hivyo unaziweka juu ya meza au juu ya kasha. Zikwepe kadi ambazo antena zake zinafungwa moja kwa moja mgongoni mwa kompyuta. Zinabanwa kati ya chuma na ukuta, na faida yote inayeyuka.

Kadi zilizojengwa juu ya chipu ya Intel AX210 ni chaguo salama. Zinatoa Wi-Fi 6E, yaani Wi-Fi 6 iliyoongezewa masafa ya 6 GHz, na zinafanya kazi kwenye kompyuta za Intel na za AMD pia. Usichanganye na AX211. Namba zinafanana, lakini AX211 inategemea sehemu iliyomo ndani ya mifumo fulani ya Intel, na penginepo haitawaka. Kumbuka pia kwamba masafa ya 6 GHz yanahitaji rauta yenye 6E na Windows 11. Windows 10 haiyaoni.

Malalamiko ninayoyasikia kuliko yote kuhusu kadi hizi ni kwamba Wi-Fi inafanya kazi lakini Bluetooth haionekani kabisa. Karibu kila mara chanzo ni waya mdogo. Kwenye kadi hizi Wi-Fi hupita kwenye PCIe, ila Bluetooth hupita kwenye USB, kwa hiyo lazima uchomeke waya kutoka kwenye kadi hadi kwenye pini za USB zilizo juu ya ubao mama. Asiyeusoma ule ukurasa wa maelekezo huuacha kwenye boksi akidhani ni wa ziada. Kabla ya kununua, fungua kasha uhakikishe kuna seti ya pini hizo iliyo wazi, kwani matundu ya mbele ya kasha huenda yamezimaliza. Kaza antena zote mbili pia. Bluetooth bila antena hufika umbali mfupi sana.

Nafasi ya pili: adapta ya USB yenye kitako

Kwa asiyetaka kufungua kasha, au anayehama na adapta kutoka kompyuta moja hadi nyingine, hii ndiyo yake. Tafuta yenye kebo na kitako, yenye masafa mawili, 2.4 na 5 GHz, na ya USB 3.0. USB 2.0 ina kikomo cha Mbps (megabiti kwa sekunde) 480 hata kwenye karatasi, kwa hiyo boksi la USB 2.0 linaloahidi kasi ya maelfu linakuuzia namba tupu. Wi-Fi 5 inatosha nyumba nyingi. Wi-Fi 6 ina maana pale vifaa vinapokuwa vingi kwenye rauta moja, na rauta yenyewe iwe inaiunga mkono.

Tatizo lake ni draiva, programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kukitumia kifaa. Adapta inahitaji draiva, draiva iko intaneti, na intaneti ndiyo unayoitafuta. Nyingine hubeba draiva ndani yake na hujitokeza kwanza kama diski ndogo. Isipokuwa hivyo, chomeka simu kwa waya wa USB, washa kipengele cha kushiriki intaneti, upakue.

Wanaotumia Linux waangalie chipu kabla ya jina la chapa. Chipu ya MediaTek MT7921AU ina draiva ndani ya kerneli (kiini cha mfumo wa Linux) tangu toleo la 5.18 la mwaka 2022, hivyo kwenye mifumo ya karibuni unachomeka na kuendelea. Chipu nyingi za USB za Realtek zilidai draiva iliyo nje ya kerneli kwa miaka mingi, na kila kerneli iliposasishwa mtu alirudi mwanzo. Tazama pia namba ndogo ya toleo kwenye kibandiko: modeli ileile inaweza kubadilishiwa chipu ndani bila jina la nje kubadilika, na sifa ulizosoma zikawa za kifaa kingine.

Nafasi ya tatu: adapta ndogo ya Bluetooth peke yake

Wi-Fi yako ikiwa salama na unachokosa ni Bluetooth tu, usinunue kikubwa. Bluetooth 4.0 ilishaleta hali ya kutumia umeme kidogo ambayo vipanya na kibodi vinaihitaji, ila kwa kununua leo anzia 5.0.

Hapa kuna mtego. Windows huendesha redio moja tu ya Bluetooth kwa wakati mmoja. Ukichomeka mpya huku ile ya zamani ya ndani ingali hai, zinavurugana na utadhani umeuziwa mbovu. Izime ya zamani kwenye orodha ya vifaa vya mfumo, uwashe upya, kisha uoanishe kila kifaa kwa mara nyingine, maana uoanishaji wa zamani hauhami.

Na tafadhali usinunue adapta hii kwa sababu sauti ya vipokea sauti vyako vya masikioni inaharibika unapoingia kwenye mkutano. Bluetooth ya kawaida ina njia moja ya muziki mzuri bila maikrofoni, na nyingine ya mazungumzo yenye maikrofoni na sauti duni. Programu ikiwasha maikrofoni ya vipokea sauti, unatupwa kwenye njia ya pili. Chagua maikrofoni nyingine kwenye mipangilio ya sauti, na muziki unarudi.

Nafasi ya nne: kibodi na kipanya vyenye kipokezi chao

Kwa mtu anayehitaji viwili hivyo tu, hii ni njia rahisi. Kompyuta inakiona kipokezi kama kibodi ya USB, kwa hiyo unaweza kuingia hata kwenye BIOS, ile mipangilio ya msingi inayofunguka kabla Windows haijawaka, mahali ambapo kibodi nyingi za Bluetooth hubaki kimya. Lakini nunua yenye usimbaji fiche, yaani inayoficha unachoandika mtu mwingine asikisome. Mwaka 2016 watafiti wa kampuni ya Bastille walionyesha udhaifu waliouita MouseJack: mtu aliye karibu angeweza kutuma vibonyezo vyake kupitia vipokezi visivyotumia Bluetooth vya chapa kadhaa. Jambo lingine ni kwamba kipokezi hupotea. Seti za Logitech zenye Unifying au Bolt zinaweza kuoanishwa na kipokezi kingine cha aina yake, wakati seti nyingi za bei ya chini, kikipotea, huwa zimekwisha.

Ya mwisho: vipande vidogo vya Wi-Fi vya 2.4 GHz pekee

Antena ndogo kama ukucha, masafa yaliyojaa, na mgongo wa kasha kama makazi. Ni vya kusukuma siku tu.

Wenye laptopu: kadi ya ndani ya M.2 (kadi ndogo inayochomekwa kwenye ubao) mara nyingi hubadilishika, lakini hakikisha kwanza haijachomelewa moja kwa moja kwenye ubao, na kwamba mtengenezaji wa laptopu hazuii kadi ambazo hakuziidhinisha.

Chochote utakachochukua, kijaribu kwa ukali muda wa kukirudisha ukiwa bado upo. Nakili faili kubwa kupitia Wi-Fi huku muziki ukicheza kwa Bluetooth na kipanya kikitembea. Ilaze kompyuta, iamshe, uone kama vyote vinarudi vyenyewe. Kikishindwa, weka draiva kutoka kwa mtengenezaji wa chipu na ubadilishe tundu. Kikishindwa tena, kirudishe.