Uzoefu wangu: ziara ya miguu na dau, mbele ya mji wa kale Lamu

Nilifanya ziara hii ya nusu siku mwezi uliopita pamoja na mamangu, ambaye magoti yanamsumbua. Kwanza mnatembea, kisha mnapanda dau. Kutembea nakusifu. Dau, subirini nieleze.

Tulianzia mbele ya Ngome. Kijana aliyetuongoza, mwenyeji wa Lamu, akatuuliza bahari iko wapi. Mama akanyoosha kidole gatini. "La, mama. Ngome hii ilipomalizika 1821 maji yalikuwa yakifika hapa. Ungelikuwa umelowa." Kumbe ile safu ya nyumba zinazotazama bahari, zenye roshani na matao, ilijengwa karne ya 19 juu ya ufuo uliofukiwa. Usita wa Mui, ile njia nyembamba ya maduka iliyo nyuma yake, ndiyo iliyokuwa pwani. Nimefika Lamu mara nne na sikuwa nalijua hilo.

Halafu akatuingiza kwenye nyumba inayokarabatiwa. Fundi mmoja mzee alikuwa akibandua plasta ya saruji iliyopigwa zamani. Alinitilia kipande kiganjani: kwa nje kigumu, safi kabisa, kwa ndani kimeganda unga mweupe wa matumbawe, nikaonja, chumvi tupu. Ukuta wa matumbawe hupumua, mwanangu, akasema. Ukiupiga saruji, unyevu na chumvi havina pa kutokea, basi vinaula ukuta kwa ndani huku wewe nje unaona umependeza. Chokaa huviachia njia. Akatuonyesha na dari ya boriti za mikoko: vyumba vya kale ni vyembamba kwa sababu upana wake haukuweza kuupita urefu wa boriti. Tulikaa pale karibu saa nzima, na kiongozi hakutuharakisha, hapo nampa heko. Mji huu uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001, lakini sasa nikiona ukuta wa pwani umepakwa rangi mpya inayong'aa, natamani kuugonga nisikie.

Sasa dau. Tuliambiwa saa tisa. Saa tisa maji yamekupwa, chombo kimelala juu ya tope, na harufu ya mitaro inakuja moja kwa moja. Watu wa bahari, Lamu, wasijue maji yatajaa saa ngapi? Tulipoitwa, magharibi ilikuwa yakaribia. Ngazi za gati zina utelezi wa kijani na hakuna pa kushika. Vijana wawili wasiohusika na ziara ndio waliomteremsha mama, Mungu awalipe. Kutoka katikati ya mkondo wa Manda, mji unaonekana wote kwa mpigo mmoja, mzuri mno, kwa dakika kumi hivi, kisha giza. Niliomba nipunguziwe pesa. Nikapewa chupa ya maji.

Nyota nne kwa miguu, mbili kwa dau. Mkienda, ulizeni maji yanajaa saa ngapi kabla ya kulipa, na kama mna mzee, lipieni kutembea tu.