Siku tano za mafunzo ya maigizo Pasua, Moshi: nyota 3 kati ya 5

Nimelipa sh. 80,000, chai na andazi ndani yake, chakula cha mchana juu yako. Kikundi sikitaji, maana bado tunasalimiana sokoni.

Nilikwenda na swali moja: kuigiza mitaani kunaweza kuwa kazi? Nina miaka sita nacheza maigizo ya ukimwi, ya kipindupindu, ya uchaguzi, na kila mara narudi nyumbani na fulana na nauli.

Siku ya kwanza mwalimu alianza na Augusto Boal wa Brazil, aliyeanzisha maigizo ambayo mtazamaji naye anaingia kucheza, akaturudisha nyumbani: Malya, kule Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Penina Muhando, walikaa na wanakijiji mpaka wenyewe wakalitaja linalowauma, mimba za wanafunzi, wakaliigiza kwa ngoma zao. Niligutuka. Sisi tumezoea kuletewa igizo limeshapikwa, na mfadhili ameshatuchagulia tatizo. (Siku ya pili na ya tatu ni mazoezi ya sauti chini ya bati, mvua ya masika inanyesha. Hatukusikiana.)

Siku ya nne ndiyo ilistahili pesa yangu. Tulicheza Soko la Mbuyuni, kisa cha mjane anayenyang'anywa kihamba, shamba la ukoo la Wachagga. Unacheza hadi mwisho mbaya, halafu unarudia, anayeona pa kubadilisha anapiga kelele "Simama!" na kuingia badala ya mhusika. Mjane nilikuwa mimi. Nimepiga magoti mbele ya shemeji, nalia kweli kweli, mara mama mmoja muuza ndizi akatua beseni, akanivua khanga mabegani, akajitanda yeye. Hakupiga magoti.

"Shemeji, kikao cha ukoo kimekaa lini? Muhtasari uko wapi, na nani kasaini?"

Mwenzetu akakwama. Akabaki na "mambo ya ukoo si ya wanawake", soko zima likamzomea. Mzee aliyekalia gunia la maharage akadakia kwamba Mahakama ya Mwanzo watakuuliza huo muhtasari na cheti cha kifo kabla ya kukuteua msimamizi wa mirathi. Mwingine akabisha. Mwalimu alisimama katikati kama jokari, ile karata isiyo na upande, akawa anauliza tu: "Ni kweli? Na wewe kaka, ungefanyaje?" Karibu saa nzima sisi waigizaji hatukuwa na kazi.

Basi nikaingojea siku ya tano kwa hamu, mada "Sanaa kama ajira". Ilichukua dakika ishirini. Niliuliza: mfadhili akija, siku za utafiti na mazoezi tunazidai vipi, au tunalipwa ya onyesho peke yake? Kikundi kinasajiliwaje BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa? Bajeti inaandikwaje? Nikajibiwa nianze kwa kujitolea. Mimi! Na fulana zangu zote zile.

Kama unataka kujifunza kuwapisha watu waseme, nenda, hapa mjini sijaona wanaofundisha vizuri zaidi. Ukitaka kujua utakula nini, bado hawana jibu, na nadhani nao wanaishi kwa posho kama sisi.

Cheti tuliahidiwa siku ya mwisho. Changu kimetoka wiki ya saba, kimeandikwa "Ndugu" na jina la mwanaume.