Wamenikatisha machozi dakika ya mwisho

Nina hasira na nitaisema. Huduma hii ya kutazama filamu mtandaoni nailipia kila mwezi bila kukosa, na nilijiunga kwa ajili ya mtu mmoja: Peter Hunt. James Bond, yule jasusi wa kwenye filamu, anajulikana na kila mtu, Hunt hajulikani. Ndiye aliyehariri filamu za Bond kama Dr. No, From Russia with Love na Goldfinger, akazipa zile ngumi mwendo usiokuachia nafasi ya kupumua. Halafu wakampa kiti cha mwongozaji, na mwaka 1969 ikatoka On Her Majesty's Secret Service. Hakuongoza Bond nyingine. Kwangu mimi, nyingine zote haziifikii.

Basi juzi usiku, watoto wamelala, nikaiweka. Zaidi ya saa mbili nimetulia tuli. Milima ya Uswisi, theluji, picha safi kama maji, hapo siwalaumu. Harusi ikafika. Mara risasi! Diana Rigg, bibi harusi, kafa ndani ya gari, George Lazenby, ndiye Bond mwenyewe, kamkumbatia, anamwambia askari kuwa mkewe anapumzika tu. Kamera ikabaki kwenye kioo kilichotobolewa. Hunt, fundi wa kukata picha harakaharaka, hapo anakuacha ukae na msiba.

Hapohapo picha ikanywea, ikasukumwa konani ikawa kama stempu, skrini ikajaa tangazo la filamu ya vichekesho linalohesabu sekunde. Kupapasa rimoti gizani, nimeshachelewa.

Asubuhi nikapiga simu huduma kwa wateja. Kijana akaniambia, "Filamu si ilikuwa imeshaisha, dada? Ulikuwa unasubiri nini tena?" Nikamweleza kwa utaratibu kwamba nilikuwa nasubiri iishe. Akacheka. Akacheka kweli, nikiwa bado hewani, kisha akaniuliza kama nina tatizo lingine!

Nilitaka kujitoa palepale. Lakini kwao ndiko nilikoipata Shout at the Devil, ya Hunt huyohuyo, 1976, iliyochota kisa cha Königsberg, meli ya Wajerumani iliyozamishwa delta ya Rufiji mwaka 1915. Waliipigia Afrika Kusini na Malta, si Rufiji, lakini ni habari ya kwetu ile, na kwingine niliitafuta nikaikosa.

Kwa hiyo nyota tatu. Hapana, mbili. Nikikumbuka kile kicheko, hata moja naona nawapendelea. Mwezi huu nimeshalipa. Wa pili hawanipati, labda wamwache Lazenby alie mpaka mwisho.